Kujifunza Kuandika Programu kwa Michoro Ukiwa Mwanza: Pa Kuanzia, Vya Kutumia na Wakati wa Kulipia

Mwongozo huu unamlenga fundi umeme, mhitimu wa chuo cha ufundi au mwanafunzi wa uhandisi anayeishi Mwanza au mji mwingine wa kando ya Ziwa Victoria, ambaye amesikia kwamba mashine na vipimo vinaweza kuandikiwa programu kwa kuunganisha visanduku na nyaya kwenye kioo cha kompyuta badala ya kuandika mistari ya maneno, naye anataka kujua ajifunze wapi, kwa vifaa gani na kwa gharama ya namna gani. Usanifu wa matangazo na uchoraji wa picha haumo humu. Mchoro unaozungumziwa ndio programu yenyewe, na kompyuta huutekeleza kama ulivyochorwa.

Tazama kwanza kazi iliyo karibu nawe

Anayetafuta kozi mtandaoni bila shabaha hukutana na majina mengi kwa mpigo: LabVIEW, Simulink, Node-RED, Scratch, CODESYS, na lugha ya ngazi ya mitambo ya viwandani. Zote ni lugha au zana za michoro, lakini hazikusudiwi kazi moja wala hazihitajiki mahali pamoja, na wanafunzi wengi hupoteza miezi kwa sababu walichagua lugha kwa kufuata video iliyowapendeza badala ya kufuata kazi wanayotarajia kuifanya.

Kwa Mwanza jambo hili linaonekana wazi ukizunguka mjini. Viwanda vya kusindika sangara vina vyumba vya baridi na mitambo ya barafu, viwanda vya vinywaji vina mikanda ya kujazia chupa, vinu vya kuchambua pamba vimetapakaa kanda yote ya ziwa, na maji ya mji husukumwa kutoka ziwani hadi kwenye matenki yaliyo juu ya vilima. Ng'ambo ya pili iko migodi ya dhahabu ya Geita, ambako safari yake tangu Juni 2025 haingoji tena kivuko cha Kigongo. Katika sehemu za namna hii kidhibiti cha kawaida ni PLC, yaani kompyuta ndogo ngumu inayofungwa ndani ya kabati la umeme, na lugha yake ya michoro ni ngazi (ladder) au bloku za utendaji (function block). LabVIEW, ambayo ni programu ya kompyuta ya kuandikia vipimo kwa michoro, hupatikana zaidi penye maabara, upimaji wa bidhaa na utafiti. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba anayetafuta ajira ya kiwandani aanze na PLC, na anayeelekea kwenye vipimo, utafiti au utengenezaji wa vifaa vipya aanze na LabVIEW. Kujifunza zote mbili kwa pamoja tangu siku ya kwanza si jambo ninalolipendekeza, kwa kuwa namna zake za kufikiri zinatofautiana vya kutosha kumchanganya mwanafunzi.

Njia ya PLC

Lugha za PLC zinaongozwa na kiwango cha kimataifa kinachoitwa IEC 61131-3, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1993. Kiwango hicho kilianza na lugha tano, na tatu kati yake ni za michoro: ngazi, bloku za utendaji, na chati ya hatua zinazofuatana. Ngazi ilitokana na michoro ya rilei iliyokuwa ikitumika viwandani kabla ya kompyuta kuingia, na ndiyo maana fundi anayeweza kusoma saketi ya kuwashia na kuzimia mota kwa kontakta tayari ameshaielewa nusu yake.

Vifaa vya kujifunzia havihitaji fedha nyingi. CODESYS, ambayo ni programu ya kuandikia PLC za makampuni mengi, hupakuliwa bila malipo na ina sehemu ya uigaji, kwa hiyo unaweza kuandika ngazi na kuiona ikifanya kazi bila kuwa na PLC mezani. Ukitaka kuiendesha kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inawezekana, ila bila leseni ya kulipia itasimama kila baada ya saa mbili, muda ambao kwa zoezi la jioni unatosha. Mbadala wake ni OpenPLC, ambayo ni ya bure na ya chanzo huria, na inaweza kutumia Raspberry Pi au bodi ndogo ya kielektroniki ya Arduino kama PLC. Makampuni makubwa nayo hutoa matoleo ya majaribio ya programu zao yenye muda maalumu. Usiyafungue mapema, bali yaache hadi uwe na zoezi la kuyajaribia, maana siku huanza kuhesabiwa mara tu unapoyaweka kwenye kompyuta au kuyafungua mara ya kwanza.

Zoezi la kwanza liwe tenki la maji, kwa sababu kila nyumba ya kilimani hapa inalijua tatizo hilo. Weka boya mbili, moja chini na moja juu. Maji yakishuka chini ya boya la chini pampu iwake, na iendelee kufanya kazi hadi maji yafike boya la juu, ndipo izime. Ukitumia boya moja tu, pampu itawaka na kuzima kila dakika pale maji yanapocheza kwenye usawa ule ule, na kontakta itaungua kabla ya wakati wake. Kwa boya mbili utalazimika kujifunza kujishikilia, yaani tokeo la pampu kurudishwa kama sharti sambamba na boya la chini, ili pampu iendelee kufanya kazi hata baada ya boya hilo kuachia. Anayelielewa zoezi hili kwa undani ameelewa sehemu kubwa ya ngazi zinazotumika viwandani.

Kisha liongezee mambo matatu ambayo kozi nyingi za video huyapitia kwa haraka. La kwanza ni kitufe cha kusimamisha: kifungwe kwa namna ambayo umeme hupita kikiwa hakijabonyezwa, ili waya ukikatika mashine isimame badala ya kuendelea kufanya kazi huku kitufe kikiwa hakina maana. La pili ni kurudi kwa umeme baada ya kukatika. Amua kama pampu iwake yenyewe au imngoje mtu, na kama ni mota kadhaa, weka kipima muda kinachochelewesha kila moja kwa sekunde chache, kwa kuwa mota zote zikianza pamoja mkondo wa kuanzia unaweza kuangusha swichi kuu. La tatu ni pampu kufanya kazi bila maji, jambo linaloiharibu upesi. Weka sharti kwamba kisima au bomba la kuvutia lina maji kabla ya kuruhusu kuwaka. Mtahini au mwajiri akiyaona mambo haya matatu ndani ya programu yako ataelewa kwamba umefikiria mashine yenyewe, wala hukuishia kwenye kioo.

Mazoezi haya yafanywe kwa uigaji au kwa volti 24 za mkondo mnyofu (DC), pamoja na taa ndogo mahali pa mota. Volti 230 ziachwe hadi uwe chini ya uangalizi wa fundi mwenye leseni.

Njia ya LabVIEW

LabVIEW ilitolewa mwaka 1986 na kampuni ya National Instruments ya Austin, Texas, kwanza kwa kompyuta za Macintosh. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Emerson mwaka 2023, lakini jina la NI bado linatumika, na nyenzo rasmi za kujifunzia bado ziko kwenye tovuti yake. Lugha iliyo ndani ya LabVIEW huitwa G. Kila programu ina sura mbili: paneli ya mbele yenye vitufe, geji na grafu anazoziona mtumiaji, na mchoro wa bloku ambamo kazi yenyewe hufanyika.

Tangu mwaka 2020 lipo toleo la jumuiya ambalo mtu binafsi hulipata bila malipo, na si toleo lililopunguzwa uwezo. Masharti yake yanapaswa kusomwa kwa makini: haliruhusiwi kwa kazi ya biashara, wala vyuo vikuu haviruhusiwi kulitumia kufundishia au kufanyia utafiti, kwa kuwa vina leseni zao. Siku utakayoanza kulipwa kwa programu uliyoiandika, utahitaji leseni nyingine. Ukubwa wa upakuaji ni gigabaiti kadhaa. Kwa hiyo chukua faili kamili la kusakinishia bila mtandao, tumia bando la usiku au mtandao wa chuo, kisha lihifadhi kwenye flashi ili wenzako wasirudie gharama ile ile. Kama mnajifunza kwa kikundi, kubalianeni toleo moja, kwa sababu faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani isipokuwa mwenye toleo jipya alihifadhi upya kwa ajili ya lile la nyuma.

Jambo la msingi kuliko yote ni mtiririko wa data. Katika lugha za maandishi kompyuta husoma mstari baada ya mstari; katika G kila kisanduku hufanya kazi pale tu data zote za kuingia kwake zinapokuwa zimefika, na hutoa matokeo kinapokuwa kimemaliza. Kisanduku kilichochorwa upande wa kushoto si lazima kitangulie kilichochorwa kulia. Visanduku viwili visivyounganishwa kwa waya wowote vinaweza kutekelezwa kwa wakati mmoja, na vitanzi viwili (loops, yaani sehemu za programu zinazojirudia) vilivyochorwa kando kwa kando kwa kweli huenda sambamba. Ni uwezo mkubwa, na ndiyo asili ya makosa mengi ya wanaoanza: mtu aliyezoea lugha ya maandishi huanza kutumia vigezo vya pamoja, yaani mahali pa kuhifadhia thamani panapofikiwa na sehemu zote za programu, kupitisha thamani kati ya vitanzi viwili, kisha vitanzi vyote viwili vinaandika mahali pamoja, na matokeo yanategemea nani aliwahi. Ukiona mkono wako unakwenda kwenye kigezo cha pamoja, jiulize kwanza kwa nini waya haufai.

Mwalimu wa kwanza wa jambo hili yumo ndani ya LabVIEW yenyewe. Bonyeza alama ya taa kwenye mchoro wa bloku, uendeshe programu, na utaona data zikitembea polepole kwenye nyaya kama vidoti. Weka kipimio kwenye waya wowote uone thamani inayopita. Bonyeza Ctrl pamoja na H, na dirisha la msaada litaeleza kila kisanduku unachokigusa. Ctrl na E hukuhamisha kati ya paneli na mchoro. Ctrl na B huondoa nyaya zilizokatika. Kwenye menyu ya msaada imo sehemu ya mifano, na hapo pana mamia ya programu zilizokamilika zinazofunguka na kufanya kazi. Kwa maoni yangu mifano hiyo, ikifunguliwa, ikivunjwa na kurekebishwa, inafundisha zaidi ya kozi nyingi zinazouzwa. Inatosha kuchukua mmoja, kubadili kitu kimoja, na kutabiri kitakachotokea kabla ya kuuendesha.

Mpangilio wa masomo ninaoupendekeza ni huu: kwanza vitanzi na rejista ya kupokezana, ambayo hubeba thamani kutoka mzunguko mmoja hadi unaofuata, kisha muundo wa kuchagua kati ya hali mbalimbali, kisha safu (arrays) na vifurushi vya data (clusters), kisha kugawa programu katika programu ndogo zenye kazi moja moja, na kuvusha waya wa makosa, yaani ule unaobeba taarifa za hitilafu, kupitia zote. Baada ya hapo ufike kwenye mashine ya hali (state machine), na ukae hapo muda mrefu. Mashine ya hali ni kitanzi kimoja chenye muundo wa kuchagua ndani yake, ambapo kila hali huamua hali inayofuata. Vitanzi vinavyopeana kazi kwa foleni vinavutia na vinafaa, lakini anayeviparamia kabla ya kuizoea mashine ya hali huishia kunakili kiolezo asichokielewa.

Mradi wa kufanyia mazoezi usitafutwe mbali. Kwenye mwalo wa Kirumba na kwenye magari yanayopeleka samaki, ubora wa sangara hutegemea ubaridi, na samaki wabichi hutakiwa kukaa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Tengeneza kipima joto cha sanduku la barafu kwa bodi ya Arduino Uno, kupitia kifurushi cha LINX kinachoiwezesha LabVIEW kuwasiliana na bodi hiyo. Kwa kihisi, epuka LM35 ingawa ndiyo inayotajwa sana, kwa kuwa ikifungwa kwa njia ya kawaida yenye umeme chanya peke yake haisomi vizuri karibu na 0 wala chini yake. Tumia TMP36, ambayo hutoa milivolti 500 ikiwa kwenye nyuzi 0, na huongeza milivolti 10 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo inasoma pande zote mbili. Arduino Uno hugawa volti 5 katika hatua 1024, yaani takribani milivolti 4.9 kwa hatua, ambayo ni kama nusu nyuzi; ndiyo sababu usomaji utarukaruka, na ndiyo sababu utachukua vipimo kadhaa na kutafuta wastani wake.

Kihisi chako kihakikishwe kwa barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji, ambayo hukaa kwenye nyuzi 0. Usikihakiki kwa maji yanayochemka ukidhani ni nyuzi 100: Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa Mwanza maji huchemka karibu na nyuzi 96. Programu yenyewe iwe mashine ya hali yenye hatua za kuanza, kusoma, kulinganisha, kuonya, kuhifadhi na kusimama. Onyo lisilie kwa usomaji mmoja tu, maana kila mfuniko unapofunguliwa joto litapanda kidogo. Lilie pale joto linapokaa juu ya kiwango ulichokiweka kwa dakika kadhaa mfululizo. Hifadhi kila kipimo kwenye faili la maandishi pamoja na tarehe na saa, na jaribu kuchomoa waya wa Arduino katikati ya kazi ili uone kama waya wako wa makosa unafanya lililotarajiwa au programu inaganda.

Asiye na kifaa chochote asikate tamaa. Dereva ya NI-DAQmx, yaani programu inayoiunganisha LabVIEW na kadi za vipimo za NI, inaruhusu kuunda kifaa cha kuigwa ndani ya kompyuta, nacho hutoa mawimbi ya kujifunzia kana kwamba kadi ya vipimo imechomekwa.

Lugha nyepesi zaidi

Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka 2007, inafaa watoto na walimu wa shule. Ina programu ya kompyuta isiyohitaji intaneti, na bloku zake zinaweza kusomeka kwa Kiswahili. Node-RED, iliyoanzia IBM mwaka 2013 na ambayo ni ya chanzo huria, inafaa anayetaka kuunganisha vihisi na ujumbe wa simu au kurasa za kuonyesha vipimo, na inakwenda vizuri kwenye Raspberry Pi. Kwa fundi wa PLC, Node-RED ni nyongeza nzuri ya baadaye.

Wakati wa kulipia mafunzo

Kozi rasmi za LabVIEW zimepangwa kwa hatua, Core 1, Core 2 na Core 3, na juu yake kuna mitihani: CLAD kwa wanaoanza, CLD kwa wasanidi, na CLA kwa wasanifu wa mifumo mikubwa. CLAD ni maswali ya kuchagua majibu. CLD ni mtihani wa vitendo, ambapo mtahiniwa hupewa maelezo ya mfumo na kutakiwa kuujenga kwa muda uliowekwa. Sampuli za mitihani ya CLD, kama mashine ya kuoshea magari na mashine ya kutolea fedha, zinapatikana bila malipo. Nazihesabu kuwa nyenzo bora kuliko zote kwa aliyemaliza mambo ya msingi: chukua moja, weka saa, ijenge, kisha ilinganishe na suluhisho lililotolewa, ukitazama pia jinsi mchoro ulivyopangwa na kuelezwa, kwa kuwa mtahini hutoa alama kwa mpangilio na maelezo pamoja na utendaji.

Gharama za kozi hizo hutozwa kwa fedha za kigeni na ni nzito kwa mtu binafsi. Kwa hiyo usilipie Core 1 ili ujue LabVIEW ni nini. Hilo utalijua bure. Lipia, au umwombe mwajiri alipie, pale ambapo tayari umekwama kwenye mradi halisi na una maswali ya kumwuliza mkufunzi. Vilevile cheti cha kumaliza video kisichanganywe na cheti cha mtihani, kwani cha kwanza huthibitisha kwamba ulitazama tu.

Kwa mafunzo ya ana kwa ana, pa kuulizia kwanza ni VETA mkoani Mwanza, na kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ingawa kampasi hiyo inafahamika zaidi kwa teknolojia ya ngozi. Kozi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nenda ofisini mwenyewe ukiwa na maswali mahususi. Je, kuna PLC ya kufanyia mazoezi, ni ya kampuni gani, na wanafunzi wangapi hutumia moja? Je, leseni ya programu ni ya chuo au mwanafunzi atajitafutia? Je, mafunzo kwa vitendo hufanyika kiwandani, na nani hutafuta nafasi? Chuo chenye PLC moja kwa wanafunzi 30 kitakufundisha nadharia. Huenda bado ni sahihi kujiunga nacho, mradi ujue kwamba mazoezi utayafanya kwa uigaji nyumbani.

Karibu nyenzo zote hizi ni za Kiingereza, isipokuwa Scratch. Kikundi cha watu wanne au watano wanaokutana mara moja kwa wiki, kila mmoja akiwa amesoma sehemu yake na kuieleza kwa Kiswahili mbele ya mchoro ulio wazi kwenye kioo, hupunguza mzigo huo pamoja na gharama ya bando.

Unapokwenda kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo kiwandani, usibebe vyeti peke yake. Beba flashi yenye mradi wa tenki au wa sanduku la barafu, ukurasa mmoja unaoeleza kazi yake kwa lugha nyepesi, mchoro wa nyaya za umeme, na orodha ya hitilafu ulizojaribu kuzisababisha pamoja na kile ambacho programu ilifanya kwa kila moja. Mwombe msimamizi wa matengenezo, badala ya ofisi ya utumishi pekee, akupe dakika 10 za kuutazama, na uwe tayari kuibadilisha programu mbele yake akikuuliza itakuwaje boya la juu likikwama.